Nilimshusha rafiki usiku wa kilele, leo naitwa Msindikizaji

Shikamoo Mama Mdogo,

Nina miaka 38, nina mke na watoto wawili, naishi Nyakato hapa Mwanza na nina duka la vifaa vya umeme. Jambo langu wengi wataliona la kitoto. Mke wangu amekwisha kuniambia niachane nalo, lakini kila nikiliacha lenyewe linanifuata.

Tuko marafiki wanne. Mmoja nitamwita Fundi, maana ni fundi umeme na ndiye mteja wangu wa kwanza tangu nifungue duka. Mwingine ni Mwalimu, na wa nne ni binamu yake Mwalimu, basi tumwite Binamu. Fundi ndiye aliyeleta habari ya Kilimanjaro. Alisoma mahali kisa cha Luteni Alexander Nyirenda kupandisha bendera na mwenge kileleni wakati wa Uhuru mwaka 1961, akaja dukani macho yamemtoka: yaani sisi watu wa ziwani tutazeeka tunaangalia maji tu? Tukaanza kuchanga, elfu sabini kila mmoja kwa mwezi, miezi kumi na minne. Kila Jumamosi alfajiri tulikuwa tunapanda Mabatini katikati ya mawe na nyumba za watu, tunashuka, tunaupandisha mlima wa Isamilo, tunamalizia Bugando. Fundi alikuwa wa kwanza kufika siku zote. Sisi tunafika tunahema, tunamkuta amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa.

Desemba iliyopita tukaenda, tukapanga tuwe kileleni tarehe 9. Basi la alfajiri, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, tunafika Moshi usiku miguu imevimba. Tulichukua njia ya Marangu kwa sababu ndiyo unayolala kwenye nyumba badala ya mahema, na Binamu alishasema yeye hema hapana. Siku ya kwanza tukalala Mandara. Msitu umefunga, mbega wanaruka juu ya vichwa vyetu, raha tupu. Siku ya pili Horombo, mita 3,720. Pale mawingu yako chini yako, na Fundi akasema mtu asiyejua akiletwa ghafla angetafuta mtumbwi. Siku ya tatu tukavuka lile tambarare kavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, tukafika nyumba ya Kibo, mita 4,720, saa tisa alasiri.

Kibo hakuna maji. Yote yanabebwa na wagumu, yaani wapagazi, kutoka chini. Nyumba ni ya mawe, vitanda vya kupandana, na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Tulikula kidogo, tukaambiwa tulale, tutaamshwa saa tano usiku ili saa sita tuanze kupanda. Kwenye saa tatu nikamsikia Fundi anaongea. Nikadhani anaota. Nikawasha taa ya kichwani, nikamkuta amekaa kitandani, kiatu kimoja kiko mguuni, kingine amekishika. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Feri ya Kamanga imeshaondoka?"

Nikacheka. Akauliza tena. Mara ya tatu akakasirika, kwa nini nacheka wakati watu wanatuacha.

Nikaenda kumwita kiongozi. Alimnyanyua, akamwambia atembee kwa kufuata mstari wa sakafu, kisigino kiguse vidole, kama wanavyopimwa walevi. Fundi huyuhuyu wa Mabatini hakumaliza hatua tatu, akaegemea ukuta. Kiongozi akasema, "Huyu anashuka sasa hivi. Si asubuhi, ni sasa hivi." Akapanga kwamba msaidizi wake na wagumu watamshusha Horombo, sisi watatu tuendelee na ratiba. Mimi nikasema siwezi kumwacha. Mwalimu na Binamu walikaa kimya. Mimi mwenyewe tangu Horombo chakula kilikuwa hakikai tumboni na kichwa kilikuwa kinagonga, lakini hilo si la kuzungumzia. Nikafunga begi langu.

Walimfunga kwenye machela ile ya tairi moja, wagumu wanne, wawili mbele wawili nyuma, wanakimbia naye gizani kama wanapeleka maziwa. Nilimshika mkono nikakuta ni barafu, glavu zake hazionekani. Nikavua zangu nikamvalisha, glavu za sufi nilizochagua mwenyewe kwenye mtumba wa Mlango Mmoja, mikono yangu nikaitia kwapani. Njia nzima nilikuwa namwita jina. Saa saba usiku tukawa Horombo. Nikakaa naye mpaka akalala. Asubuhi akaamka anadai chai na chapati, mzima, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wenzetu walitukuta mchana wake. Mwalimu alifika Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895. Binamu aliishia Gilman's, ukingoni mwa shimo la volkano, chini ya kilele, na cheti akapata. Niliwakumbatia na nilifurahi kwa dhati, Mungu ni shahidi.

Tuliporudi Mwanza, Mwalimu akapika pilau kwake Pasiansi, akaita watu, akatutambulisha: "Hawa ndio tuliofika, na hawa wawili ndio waliotusindikiza." Watu wakacheka. Fundi akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp mimi ni Msindikizaji, na jina limeshafika mpaka kwa wateja. Na Fundi, Mama Mdogo, mwezi wa tano sasa hajaniambia hata wabeja, asante yetu ya Kisukuma. Hajamwambia mke wangu. Glavu hajarudisha. Anakuja dukani, anachukua waya na soketi, anaomba punguzo, anaondoka.

Sasa wanapanga mlima Meru mwezi wa nane, siku nne, kulala Miriakamba na Saddle. Fundi ameshatangaza kwamba mimi na yeye tutalala chumba kimoja "kama kawaida yetu". Niende? Nikienda, nikatae kuwa naye? Na mtu unamdai vipi asante bila kuonekana ombaomba?

Msindikizaji, Nyakato

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Mwalimu ili tumalizane naye, maana yeye ndiye mwepesi. Mwite pembeni, usimwandikie kwenye kundi ambako wengine watamsaidia kucheka, umwambie jina hilo hulitaki. Kama ni mtani wako, mwambie utani huo umefika mwisho. Kama si mtani wako, mwulize ruhusa alipewa na nani. Sentensi moja inamtosha mtu mzima. Ila nikunong'oneze: watu wawili waliokaa kimya pale Kibo wakati wewe unafunga begi wana haja kubwa ya kukufanya kichekesho. Ukiwa Msindikizaji, hakuna atakayewauliza walisema nini usiku ule.

Simaanishi walikosea kupanda. Hapo huenda tusikubaliane, lakini nitalirudia.

Sasa Fundi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile feri ya Kamanga. Umeiandika kama kituko cha safari. Mimi nimeisoma kama jibu la swali lako la tatu.

Kilichompata Fundi kinajulikana. Kibo hewa anayopata mtu kwa kila pumzi ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Kuna watu ambao huko juu mishipa midogo ya kichwani huvujisha maji na ubongo ukavimba. Mtu huanza kuyumba, huongea vitu visivyokuwapo, hukasirika akibishiwa. Ule mstari wa sakafu ndio kipimo chenyewe, na kiongozi wenu aliijua kazi yake, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo akingoja asubuhi anaweza asiione. Dawa kubwa ni kushuka. Kwa wengi, akishushwa mapema mita elfu moja hivi, kile kilichokuwa kinamuua usiku kinaondoka, anaamka anataka chapati. Wewe zile chapati zimekukera miezi mitano. Kumbe ndizo zilizokuonyesha kwamba mlimuwahi.

Sasa jiulize: mtu aliyekuwa Kamanga anasubiri feri, ana kumbukumbu gani ya Kibo? Sikuapii kwamba Fundi hakumbuki kitu, mimi simo kichwani mwake. Lakini watu waliopatwa na hali hiyo mara nyingi saa zile huwa hawana, au wanazo vipandevipande tu. Anajua alilala Kibo, anajua aliamka Horombo. Katikati kaambiwa "ulizidiwa kidogo", akaitikia. Nani alimweleza habari ya machela? Mwalimu hakuwapo. Binamu hakuwapo. Msaidizi wa kiongozi na wagumu wale wamebaki Marangu. Shahidi pekee aliyepo Mwanza ni wewe, na wewe, kwa jinsi ninavyoisoma barua yako, umekaa unasubiri ashukuru kwa jambo ambalo hujamsimulia.

Na kule Pasiansi alicheka kuliko wote. Umechukulia kwamba alikuwa anakudharau. Mimi nimezeeka nikiangalia watu kwenye sherehe, na anayecheka kuliko wote mara nyingi ndiye asiyejua kinachochekwa, anaogopa asije akaulizwa. Fikiria mwanaume anayewaacha wenzake wote Mabatini, wazo la safari lilikuwa lake, bendera na Nyirenda vilikuwa vyake, halafu yeye ndiye anayebebwa. Anatamani isizungumzwe. Na wewe, kila ukiingia kwenye mazungumzo, uso wako unamkumbusha kwamba kuna jambo. Ndiyo maana anakimbilia kwenye waya na soketi.

Hapo nimekutetea wewe na nimemtetea yeye. Sasa unisamehe, kuna mstari mmoja umeupita mbio mno.

Umeandika kwamba tangu Horombo chakula kilikuwa hakikai na kichwa kinagonga, kisha ukasema hilo si la kuzungumzia. Mwanangu, hilo ndilo la kuzungumzia. Ulikuwa mgonjwa. Haukuwa umefikia hali ya Fundi, lakini hizo ndizo dalili za mwanzo, na mtu mwenye dalili hizo mita 4,720 hatakiwi kupandisha mita nyingine zaidi ya elfu moja usiku huohuo. Ulimwambia kiongozi? Kama ulimficha, ungeweza kuwa mgonjwa wa pili, juu zaidi, gizani, akiwa ameshamtoa msaidizi wake na wagumu wanne kwa ajili ya Fundi.

Kiongozi alishakupangia. Fundi alikuwa na watu wa kumshusha, wenye nguvu na wanaoijua njia kuliko wewe. Hakuna aliyekuomba ushuke. Wewe ukasema huwezi kumwacha. Nakuamini. Lakini nakuuliza, na unijibu ukiwa peke yako: pale ulipofunga begi, hakukuwa na sehemu yako ndogo iliyoshusha pumzi?

Siulizi kwa ubaya. Nilikuwa na miaka 41 nilipopanda Marangu na wanawake wenzangu wa kazini. Niliishia Horombo. Kwa miaka mingi niliwaambia watu ni goti. Goti lilikuwa zima kabisa. Nilitoka nje usiku kwenda chooni, nikaona ule weusi wa Mawenzi umesimama pale na nyota zimenikaribia mno, nikajua sitaki kwenda mbele hata hatua moja. Asubuhi nikachechemea. Mwenzangu mmoja alirudi nami kwa kunihurumia, na hadi leo anaamini alikosa kilele kwa sababu ya goti langu. Kwa hiyo mambo ya kushuka kwa sababu mbili huku ukitaja moja nayajua kwa ndani.

Kama ilikuwa hivyo kwako, hata kwa robo, basi unamdai Fundi kilele ambacho hakukuchukulia chote. Kiasi fulani kilichukuliwa na kichwa chako kilichokuwa kinagonga. Anachodaiwa kweli ni glavu, na ile njia nzima uliyokuwa unamwita jina. Wagumu walimbeba, lakini hawakujua jina lake la nyumbani. Hilo lilikuwa lako peke yako na hakuna wa kukunyang'anya, hata kama usiku uleule miguu yako mwenyewe ilikuwa inatafuta sababu ya kugeuka.

Nimesema nitarudi kwa Mwalimu na Binamu. Sisi tumelelewa ufukweni na tuna sheria zetu. Watu wakienda na mtumbwi kuvua dagaa, taa zimewashwa, nyavu ziko majini, mmoja akishikwa na tumbo la kuua, mashine inawashwa na wote wanarudi. Usiku umepotea, mafuta yamepotea, na hakuna anayeitwa msindikizaji, kwa sababu mtumbwi ni mmoja na hauwezi kukatwa katikati. Mlimani hamko kwenye mtumbwi. Kampuni za kupandisha watu hupeleka viongozi wasaidizi ili anayeshuka ashuke na anayepanda apande. Wewe ulifuata sheria ya ziwa, wenzako wakafuata ya mlima, na hakuna kati yenu aliyewaeleza wengine kabla ya safari anafuata ipi. Miezi kumi na minne ya kuchanga, sina shaka mlijadili viatu, soksi, picha na bango la kushika kileleni. Barua yako haina mahali mlipojadili itakuwaje mmoja akiugua. Mwalimu alikosea pale Pasiansi. Pale Kibo alikosea kwa kukaa kimya tu. Angesema neno moja, "mwangalie na sisi tutakuangalieni tukirudi", pilau lingelika vizuri.

Haya, Meru.

Nenda, ila si kabla hamjafanya mambo fulani. Kwanza habari njema ambayo labda hamjaipigia hesabu. Kilele cha Meru kina mita 4,560 na ushee, yaani kiko chini ya kitanda alichougulia Fundi pale Kibo. Na pa juu kabisa mtakapolala ni Saddle, mita 3,570, chini kidogo ya Horombo ambako Fundi alilala salama. Kwa hiyo mlima huu haumpeleki kulala pale palipomwangusha.

Lakini aliyewahi kuugua hivyo yuko kwenye hatari ya kuugua tena kuliko asiyewahi, na mazoezi ya Mabatini hayamlindi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na hiyo milima yetu ya mawe inaongeza kidogo tu juu ya hapo. Inafunza mapaja. Damu haijifunzi kitu pale. Wenye nguvu nao huponzeka, kwa sababu wanatangulia, wanafika mapema, na wakiumwa kichwa wanaona aibu kusema. Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya unapolala leo na utakapolala kesho. Sasa tazama Marangu: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku mnaruka elfu nzima. Ndiyo maana kuna ratiba ya siku sita, ya kulala Horombo mara mbili, na ninyi kwa hesabu yako mlikwenda ya siku tano. Najua, siku moja zaidi ni hela zaidi. Meru nako, kutoka Miriakamba mita 2,514 hadi Saddle ni mruko uleule. Mkifika Saddle mapema mna mchana wa kwenda Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani, na kurudi kulala chini yake. Msiutumie mchana huo kucheza karata.

Fundi aende kwa daktari kabla ya kulipa hata senti. Amweleze kisa chote, na ukiweza mwende wote, maana kisa chote unacho wewe. Kuna dawa, Diamox ndiyo inayojulikana zaidi, ambayo madaktari huwaandikia wapandaji waanze kunywa kabla ya kupanda. Asijinunulie dirishani, hasa kama ana mzio wa dawa za salfa. Na ninyi nyote wanne mkapime seli mundu. Nasema hivyo kwa sababu ya kwetu: Kanda ya Ziwa ni kati ya sehemu zenye tatizo hilo kwa wingi nchini, na mtu anaweza kubeba kinasaba kimoja tu, asiumwe maisha yake yote, halafu hewa nyembamba ikamdhuru bandama. Kipimo ni tone la damu. Mmelipa elfu sabini mara kumi na nne, hilo haliwashindi.

Halafu mkae wote wanne, kabla ya nauli, mseme kwa maneno. Mtu akiugua anashuka na nani. Kama ni na kiongozi msaidizi, iwe hivyo, na atakayeendelea juu asionekane mbaya. Kama wewe unajua moyoni kwamba rafiki akishuka utashuka naye, sema mapema na useme ni uamuzi wako, usije ukaleta ankara Desemba. Meru mtakuwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati na tembo wa kule chini, kwa hiyo muulizeni mapema, siku ya kwanza mkiwa getini Momella, kundi likigawanyika inakuwaje. Usiku wa kilele njia inapita kwenye ukingo wa lile shimo la volkano, si mahali pa kuanza mjadala. Na kila mmoja akiumwa kichwa amwambie kiongozi. Wewe wa kwanza.

Chumba? Lala naye. Yule kijana, ambaye huenda haukumbuki usiku ule, amewatangazia watu kwamba anataka kulala chumba kimoja na wewe "kama kawaida yetu". Unalisoma hilo kama ukavu wa macho. Mimi nadhani kuna kitu ndani yake kinajua kilikuwa mikononi mwa nani. Ila usilale naye kabla hamjazungumza, maana utalala na kinyongo katikati, na vitanda vya kule ni vyembamba.

Namna ya kumdai asante sasa. Usiidai. Dai glavu.

Nasema kweli. Nenda kwake, usimsubiri dukani ambako kuna mteja anaulizia balbu, umwambie, "Nimekuja kuchukua glavu zangu za sufi." Nakuhakikishia moja kati ya mambo mawili. Ama atakuambia anazo, hajui ni za nani, alizikuta kwenye begi lake akadhani ni za mgumu mmoja na hakujua amrudishie vipi. Ama atakuuliza zilifikaje kwake. Vyovyote vile mlango umefunguka, na wewe ndipo umsimulie. Anza na feri. Mwambie alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mwambie alikugombeza kwa kucheka. Msimulie mstari wa sakafu, tairi moja, mikono yake ilivyokuwa. Usiweke chumvi, na usimalizie kwa "na mimi nikakosa kilele". Umwambie pia kwamba na wewe tumbo lilikuwa limechafuka na kichwa kinagonga. Hilo litamsaidia kuliko unavyodhani, atajua hakuwa dhaifu peke yake.

Halafu nyamaza. Ukinyamaza vizuri, neno unalolitaka linaweza kuja siku hiyohiyo, au lije baada ya wiki kwa mkewe kuleta sato wawili nyumbani kwako bila kueleza ni wa nini. Upokee. Kwetu huku watu wengi husema wabeja kwa samaki.

Glavu zichukue lakini, usione haya ukamwachia. Saddle usiku baridi haina utani, na safari hii kila mtu avae zake.

Mama Mdogo